Kwa Ramla, juu ya mugongo wangu na mutoto anayekuja

Alunguli, Kindu
Tarehe 6, mwezi wa tisa, 2024

Mupenzi mwanangu Ramla,

Assalam aleikum. Nakusalimia kwa moyo wote, na salamu ikishafika nakuuliza: umeamkaje huko Kisangani? Miguu bado inavimba? Kichwa kingali kinakugonga upande mumoja? Mutoto anacheza tumboni asubuhi na mangaribi, ama anacheza wakati mumoja tu kisha ananyamaza? Chumvi umepunguza kama munganga alivyokuambia, ama unaficha kichupa nyuma ya sahani kama zamani ulivyokuwa unaficha sukari? Mume wako Musafiri hajambo? Mama mukwe wako, Mama Aziza, magoti yake yanasemaje wakati huu wa mvua?

Sasa hapa njo mahali muntu anaandika, "Sisi huku wote wazima, wasiwasi ni kwenu." Barua nimeandika nyingi, na marehemu baba yako alikuwa anacheka mwandiko wangu, anasema herufi zangu zinakimbia kama kuku walioona mwewe. Lakini hata barua moja sikuwahi kuituma bila maneno yale. Leo sitayaandika. Usishituke, hakuna aliyekufa. Kaka yako Aboubakar iko, bibi yake iko, nyumba iko, mihogo iko shambani. Ni mimi njo sina ule uzima nakuambiaga kila siku.

Nimechagua karatasi kwa sababu kwenye simu ulimi wangu unanitangulia. Unaniuliza, "Mama, mugongo?" na mbele sijavuta pumzi nimekwisha jibu, "Muzuri tu, mwanangu, Alhamdulillahi." Na wewe ni vilevile. Nakuuliza tumbo, unajibu, "Muzuri tu, mama." Wiki nzima umelazwa hospitali tansio ya damu imepanda, mimi nauliza, wewe muzuri tu. Kama Musafiri hangepigia Aboubakar simu, mpaka leo ningekuwa nafurahi bure. Sikukasirika. Nililia kwanza. Kisha nikasema moyoni: huyu mutoto, tabia hii ameinyonya kwangu.

Musafiri alisema munganga amekukataza safari, kwa hiyo huwezi kuja kuzalia nyumbani kwa mama yako kama inavyofaa mimba ya kwanza. Basi mama njo atakuja kwako. Umeniuliza zaidi ya mara moja kama mugongo wangu utaweza kukuhudumia wewe na mutoto, na kila mara nimesema utaweza. Sasa nataka nikupe jibu la kweli. Lakini ili ulielewe, acha nikuhadithie kwanza mambo ya Mikelenge.

Tangu mwaka jana navuka muto kwenda kwenye kituo kimoja cha afya kule Mikelenge. Wanatibu watu wa mugongo wa zamani. Si ule wa jana wala juzi, ni ule uliozeeka pamoja na mwenyewe. Sindano hakuna. Iko dada mumoja anaitwa Christelle, mutoto wa Bukavu, kazi yake ni kine, maana yake anafundisha mwili kutembea upya. Tunalala kwenye mikeka, tunainua miguu, tunapumua, tunageuka. Watu wazima wenye wajukuu, tumepangwa chini kama samaki wa sokoni. Siku ya kwanza nilitaka kurudi nyumbani kwa haya.

Kitu nilichomupendea Christelle ni kimoja: yeye hasemi tu kwamba dawa yake ni nzuri, anataka aone. Kila tukija anauliza kila muntu, "Maumivu iko ngapi leo? Ziro ni hakuna kabisa, kumi ni yale yasiyo na mfano." Anaandika. Anasema bila kupima, munganga anaweza kujisifu miaka na miaka, na mugonjwa anaendelea kuumia pembeni ya sifa zake.

Sasa sikia kosa letu. Anatuuliza asubuhi, ametoka tu kutusalimia, mbele ya wenzetu wote. "Mama Ramla, umeamkaje? Maumivu iko ngapi?" Muntu aliyelelewa vizuri, akiulizwa hali mbele ya watu, ataanza kumwaga magonjwa? Unajibu uzima kwanza. Tena yeye kwetu ni mutoto, na mukubwa hamutwishi mutoto maumivu yake. Basi nikasema nne. Siku nyingine nikaona amehangaika sana na sisi, hata chai ametupikia, nikasema tatu, kama kumushukuru. Halafu mbili.

Muzee Bulaimu, unamukumbuka, yule aliyekuwa anabeba mizigo kwenye gare, pale treni inaposimama, yeye alianza na ziro na akabaki na ziro. Christelle akamuuliza, "Muzee, kama ni ziro, umekuja kutafuta nini?" Akajibu, "Nimekuja kukusalimia, mwanangu." Tulicheka mpaka migongo ikatukumbusha iko. Lakini muzee huyohuyo alikuwa anashika ukuta kwa mikono yote ili avue viatu.

Kwa hiyo hesabu yangu ilishuka na Christelle akafurahi. Asubuhi moja akaniambia, "Mama Ramla, wewe umepona, sasa utamuachia mwingine nafasi." Nikasema asante. Wenzangu wakanipigia makofi. Nikatoka pale na ile mbili yangu kama muntu aliyepewa nguo ya muntu mwingine, imekaa vizuri mabegani lakini unajua si yako.

Siku ileile mangaribi nikapanda mutumbwi wa Dieumerci kurudi Alunguli. Christelle naye akapanda, kuna mugonjwa alikuwa anaenda kumuona huku kwetu. Tukafika. Watu wakasimama, wakashuka. Mimi kiuno kikakataa.

"Mama Ramla, tumefika!" Dieumerci akaniita. "Ama umeolewa na mutumbwi wangu?"

"Ngoja kwanza, baba, nakusanya miguu."

"Kusanya haraka, mama. Bibi yangu akisikia mutumbwi una mume mwingine, nitalala njaa."

Watu wakacheka, hata mimi nikajaribu kucheka. Nikashika ubao, nikapiga magoti ndani ya yale maji yanayobaki chini, nikajivuta. Halafu nikasikia nyuma yangu, "Mama Ramla." Christelle alikuwa hajashuka. "Hii njo mbili?"

Nikaendelea kujivuta.

"Mama, hii njo mbili yako?"

Nikamuambia, "Mwanangu, mbili nilisema asubuhi, mbele ya watu. Sasa ni mangaribi."

Hakunigombeza. Alinishika kwapani, Dieumerci akashika miguu, wakanitoa kama gunia la muchele. Watu wakaenda zao. Christelle akakaa na mimi kwenye muchanga, na viatu vyake vyeupe, mpaka kiuno kikalegea. Halafu akasema kwa sauti ndogo, "Mama, mimi nimeandika kwamba zile kazi za mwili zimekuponya. Na juu ya neno lile nitatibu wengine." Ramla, maneno hayo yaliniuma kuliko kiuno. Mimi nilidhani namupa heshima. Kumbe nilikuwa namupoteza njia, yeye na wote watakaolala kwenye ile mikeka nyuma yangu.

Akaniuliza, "Nani aliwafundisha kujibu hivi?" Nikasema ni desturi. Na ni kweli ni desturi. Lakini pale kwenye muchanga nilikumbuka kitu kingine, nikakimeza. Yeye sikumuambia. Wewe nakuambia, kwa sababu nawe ulikuwepo.

Ulikuwa bado hujaanza kutembea. Ni wakati ule wa vita, Kindu imefungwa, chakula hakuna. Baba yako alikuwa ametangulia na Aboubakar Tunda kwa ndugu zake kututafutia pa kulala. Tukatoka wanawake kundi moja, tukafuata reli kwanza. Njiani tukakutana na watu wa bunduki. Wa upande gani, usiniulize. Sisi tuliobeba tulijua uzito tu, upande hatukuujua. Wakatutwisha. Mimi nilipata mufuko wa chumvi uliokuwa umenyeshewa, na chumvi iliyolowa ni jiwe. Nikauweka kwenye kitunga, kamba ya kitunga kwenye paji la uso. Wewe nikakufunga mbele, kifuani.

Alikuwepo Aïcha, jirani yetu, bibi ya fundi wa cherehani. Muguu wake ulikuwa umevimba kama wako sasa. Wakamuuliza, "Unaweza?" Akasema kweli. Akasema, "Siwezi." Wakamutoa muzigo, wakamuambia akae pale kando ya njia, na sisi tukaambiwa twende tusigeuke. Hakufika Tunda. Kindu hakurudi. Mume wake alimungojea mpaka akafa.

Mbele kidogo tukafika kwenye daraja la magogo, nikateleza. Nilijua nikianguka kifudifudi nitakulalia wewe. Nikajipindua, nikaangukia muzigo. Nikasikia kitu kiunoni, kama muntu anavunja kuni mbichi. Mumoja wao akaja akasimama juu yangu. Akauliza, "Na wewe?" Nikamuambia, "Niko muzima. Naweza." Nikasimama. Namna gani nilisimama, mpaka leo sijui.

Tangu siku ile, mwanangu, muntu akiniuliza hali, mbele sijamuangalia ni nani, kinywa kimekwisha jibu.

Na kwa kuwa nimefika hapa, acha nitoe na kitu hiki. Shangazi zako wamezoea kukutania kwamba wewe njo ulimuvunja mama mugongo, kwa unono wako. Nimekuona unacheka na wao, halafu unaondoka polepole, unaenda kuinua ndoo mbele sijaigusa. Tangu uko kasichana kadogo unainua ndoo zangu. Usiubebe tena ule muzigo. Mugongoni ilikuwa chumvi. Wewe ulikuwa mbele, joto lako lilikuwa kwenye tumbo langu, na njo wewe uliyefanya nisimame.

Turudi Mikelenge. Tulipoenda tena, Christelle alikuwa amegeuza mambo. Kwanza tukasalimiana, tukamaliza uzima wetu wote, tukakunywa chai. Kisha akaita mumoja mumoja nyuma ya pazia. Na hakuanza na hesabu. Alituuliza, "Mugongo umekunyima kazi gani?" Ramla, swali lile halina jibu la adabu. Huwezi kulijibu muzuri tu.

Muzee Bulaimu alikaa nyuma ya pazia mpaka chai yake ikapoa. Alipotoka alikuwa anafuta macho, wala hakujali tukimuona. Baadaye alitusimulia mwenyewe. Musikitini yeye siku zote alikuwa mustari wa mbele, na sasa anasalia juu ya kiti nyuma kabisa, paji lake la uso halijagusa chini tangu mazishi ya bibi yake. Ziro yake ikawa nane.

Zamu yangu ilipofika, nilisema mujukuu wangu anakuja. Nikasema mugongo umeninyima kukaa chini na kunyoosha miguu, kumulaza mutoto mudogo kwenye miundi yangu, kumuogesha, na kusimama naye. Christelle akacheka kidogo, akasema hata yeye aliogeshwa hivyo na nyanya yake. Kisha akasema, "Basi, mama, njo hiyo tutapima."

Akaleta mukeka na beseni. Akafunga muchele ndani ya kikwembe mpaka ukawa uzito wa mutoto aliyezaliwa leo, akabana shingo kwa kamba ili kichwa kilegee kama cha kweli. Siku ya kwanza hata kunyoosha miguu sikuweza, nilibaki nimekunja kama panzi, nikamuambia huyu mutoto wa muchele ataoga kesho. Lakini tumeendelea, mvua kwa jua. Sasa nikuambie ninachoweza: nakaa. Nanyoosha miguu. Namulaza, namuogesha kichwa, makwapa, mikunjo ya shingo, namugeuza, namupaka mafuta, nanyoosha mikono na miguu yake. Yote hayo naweza, na safari hii kinywa hakisemi uongo, Christelle ameona kwa macho yake.

Kusimama naye siwezi.

Nilijaribu. Nilisema naweza, unajua kinywa changu. Nikamukumbatia, nikainuka nusu, kiuno kikakata, mikono ikafunguka yenyewe. Kikwembe kikapasuka kwenye saruji. Tukapiga magoti wote kuokota ule muchele, na hakuna hata mumoja aliyecheka. Mimi niliuangalia umemwagika pale, nikakuona wewe.

Christelle ameandika hivyohivyo ilivyo. Maumivu yangu ya kweli, niliyoyasema nyuma ya pazia, yalikuwa nane, sasa ni sita, na haoni haya kuandika sita. Ameniambia wazi kwamba huenda hayatanitoka mpaka kaburini, na kwamba hatupimi kama mugongo umerudi kuwa wa musichana, tunapima kama mama amerudi kwenye kazi yake. Nafasi yangu pale imerudi, naendelea.

Basi jibu lako ni hili. Nakuja. Siji kwa moto, pikipiki kwenye barabara ile itanimaliza. Nitapanda baleniere, ile boti kubwa ya mbao ya wafanyabiashara wa muchele, mpaka Ubundu, kule nitajilaza juu ya magunia kama bibi arusi, na Musafiri atafute gari la kunitoa Ubundu, hata likichelewa nitangoja. Nitafika mbele ya mwezi wako wa kuzaa, Mungu akipenda. Maji ya moto ya kukukanda, hayo siwezi kuinamia, atafanya Mama Aziza, mimi nitakaa kando nimuudhi kwa mafundisho. Lakini kuogesha mutoto ni kazi yangu, musiniibie.

Kitu kimoja nakuomba na usikisahau. Wakati namuogesha, wifi yako Mamy akae mbele yangu, mikono wazi. Nikimaliza, namupa yeye mutoto. Yeye anakuletea wewe. Kisha anarudi kunipa mukono mimi. Asiende kuchota maji, asiende kwenye simu, asiende kuangalia nani anapiga hodi. Na siku moja nikisema, "Mamy, acha, leo naweza," asinisikilize. Mumuambie sasa, mbele sijafika.

Na wewe nakuomba hivi. Muguu wa Aïcha ulivimba, na mimi nimechoka na wanawake wanaovimba miguu na kutembea kimya. Wewe huko kwako hakuna mwenye bunduki. Sema. Ukiona nyota machoni, sema. Kichwa kikiuma, usingoje asubuhi, amusha Musafiri, kuamushwa njo kazi ya mume. Tukipigiana simu tusalimiane kama watu waliolelewa, muzuri, muzuri tu, Alhamdulillahi, tumalize zote. Halafu mimi nitanyamaza. Ukinisikia nimenyamaza, ujue sasa nauliza kweli, na hapo uniambie tumbo limekunyima nini siku hiyo.

Unisalimie mukwe wangu Musafiri, na kumushukuru kwa ile simu aliyomupigia Aboubakar. Alifanya kazi ya mutoto wa kuzaa. Unisalimie Mama Aziza na magoti yake, muambie tutakaa pamoja tulinganishe. Mamy mupe salamu zake mbili, moja ya sasa, moja ya kazi inayomungoja. Aboubakar na bibi yake wanakusalimia. Dieumerci naye amesikia naandika, amesema nikuambie mutumbwi wake bado ni mujane.

Mungu akufungue salama, mwanangu, kama alivyonifungua mimi. Akutie nguvu ya kusukuma na nguvu ya kusema. Mutoto azaliwe akilia kwa sauti, asikie mutaa muzima, na asijifunze kunyamaza mapema.

Ni mimi mama yako, akupendaye tangu ulipokuwa kifuani,

Jamila

Asubuhi nilipoanza kuandika: sita. Sasa mangaribi ni saba, kwa sababu nimekaa sana. Na wewe?